Leonore von Tessow, Aliyeolewa kwa Mkono wa Kushoto

Mtukufu Mkuu wa Ukoo, Mchungaji Kröger, mabinamu mliofika kutoka nchi nne, na ninyi wanakijiji wa Ehrenrode mliosimama nyuma kwa sababu mabinamu wamejaza viti: watoto wa marehemu wamenipa kazi ya kusoma maisha ya mama yao. Jina langu ni Mechthild von Tessow, mtoto wa kaka yake. Mimi ni daktari wa mifugo, nimezoea kusema na viumbe visivyojibu, kwa hiyo mkinikunjia nyuso sitashtuka. Najua kila aliyeingia humu amelitazama lile bamba la jiwe sakafuni, linalofunika ngazi za kaburi la ukoo. Mmeona limeguswa, mmeona mchanga mpya pembeni, mkaanza kunong'onezana. Najua pia kuna waliosafiri mbali kuja kuhakikisha kwamba jeneza hili halishuki pale. Vumilieni kidogo. Tutafika huko.

Leonore Auguste alizaliwa tarehe 14 Machi 1908 huko Groß Tessow, Pomerania, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee wa Baroni Bogislav von Tessow na mkewe Hedwig. Sisi akina Tessow tulikaa kwenye mchanga ule kwa karne nyingi, tukilima viazi na kufuga nguruwe. Ubaroni wetu ni wa zamani kuliko viti vingi vya enzi ambavyo watu wa humu ndani wamevikalia. Lakini hatukuwahi kutawala nchi, hata iwe ndogo ya kuizunguka kwa baiskeli. Watu wa nje hawaoni tofauti. Humu ndani kila mtu anaiona, na tofauti hiyo ndiyo iliyomla shangazi yangu tangu siku aliyovuka kizingiti cha ngome ile pale juu mpaka juma lililopita.

Alisoma nyumbani kwa mwalimu wa kike kutoka Uswisi, kisha kuanzia mwaka 1919 mpaka 1925 alikuwa katika shule ya bweni ya mabinti wa kibaroni huko Stolp. Huko walifundishwa Kifaransa, kufuga kuku, na namna za kupiga goti mbele ya wakubwa, kila daraja na kina chake. Baba yangu alikuwa akitusimulia jinsi dada yake alivyorudi likizo akafanya mazoezi zizini, mbele ya ng'ombe aliyemteua kuwa malkia. Aliposhuka kwenye lile goti la kina kirefu kabisa alikaa ndani ya ndoo ya maziwa, akakwama. Baba alicheka mpaka akalala kwenye majani. Leonore, akiwa bado ndani ya ndoo, akamwambia, "Cheka tu. Malkia mwenyewe hajacheka, unaona? Huyo amelelewa."

Mwaka 1929 alikuja hapa Ehrenrode kuwa mwandani wa Bibi Mkuu Adelheid, mama wa mwanamfalme Ludolf aliyekuwa mrithi, na wa mwanamfalme Egon. Kazi yake ilikuwa kusoma magazeti kwa sauti, kumimina kahawa, na kukumbuka binamu yupi amekufa ili asitumiwe salamu za Krismasi. Ukoo wa Ehrenrode, kama mnavyojua, haukuwahi kuwa na mali nyingine ila msitu na mabinti. Msitu ulibaki, mabinti wakapelekwa kuwa malkia. Dada mmoja wa mume wa Bibi Mkuu alikaa kwenye kiti cha enzi kaskazini, mwingine mashariki, shangazi yao aliolewa kusini. Mwaka 1914 wana wa akina dada hao walipelekeana majeshi. Vita vilipokwisha walikaa kwenye meza moja pale juu wakila sungura wa kuokwa, wakaulizana habari za watoto.

Na waliambiana "wewe." Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na ingawa wote mlioko humu mmezaliwa nalo nitalisema wazi, kwa sababu halijawahi kusemwa kanisani. Ndugu kwa ndugu ni "wewe," hata kama hamjawahi kuonana. Mtu wa nje ni "ninyi," hata akiwa peke yake, hata akiishi humo miaka mingi. Mwaka 1931 alifika binamu Thyra kutoka kaskazini, msichana wa miaka kumi na tisa ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Bibi Mkuu alimwambia kabla hajavua glavu, "Njoo ukae hapa, Thyra, umechoka wewe." Kisha akamgeukia Leonore, aliyekuwa amemvalisha soksi asubuhi ile kama kila asubuhi: "Baronesi, mnaweza kumsogezea kiti?" Katika nyumba ile mbwa waliambiwa wewe, farasi waliambiwa wewe, Mungu aliambiwa wewe, na binamu aliyempiga binamu risasi kule Flandria aliambiwa wewe. Aliyewamiminia kahawa aliambiwa ninyi. Shangazi alilicheka jambo hilo kwenye barua zake kwa baba. Mimi nilikasirika tangu nilipolielewa na bado nimekasirika.

Mwanamfalme Egon, mtoto wa pili, alikuwa mtu wa msitu, mkimya, mwenye miguu mirefu isiyojua pa kwenda chini ya meza. Yeye alianza kumwambia Leonore "wewe" kimyakimya, kwenye ngazi, bustanini, mahali pasipo na masikio. Mwezi Januari 1934 alimwomba amuoe, na kwa kuwa alikuwa mkweli alianza na ubaya wa jambo.

"Lore, ukiolewa na mimi utakula viazi baridi mwisho wa meza maisha yako yote."

"Viazi nimekua navyo," akasema. "Wewe utakaa wapi?"

"Mwisho wa meza. Karibu yako."

"Basi huko ndiko kwenye watu."

Walifunga ndoa tarehe 9 Juni 1934 katika kanisa hili. Ukoo uliiita ndoa ya mkono wa kushoto, maana yake ni halali mbele ya Mungu na serikali lakini si sawa mbele ya sheria ya ukoo. Bi harusi alitia sahihi kwamba hatalitumia jina la Ehrenrode, kwamba watoto wake hawatalirithi wala hawatakuwa na nafasi katika urithi wa ukuu, na kwamba hatazikwa chini ya bamba lile. Watoto walitungiwa jina jipya, von Ehrenau, kama mtu anavyompa jina paka aliyeokotwa. Mlangoni, baada ya kengele, Bibi Mkuu alimbusu mkwewe shavuni mbele ya mabinamu wote akasema, "Karibuni nyumbani, Baronesi." Shangazi akajibu, "Asanteni, Mama." Baba yangu alikuwa amesimama karibu. Alisema uso wa dada yake ulibaki vilevile.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Joachim mwaka 1935 na Sibylle mwaka 1937. Waliishi kwenye shamba la ukoo mashariki ya mto Oder, ambalo Egon alilisimamia mpaka alipochukuliwa jeshini. Mwaka 1943 aliletwa kwao mtoto wa tatu. Huyo alikuwa Alarich, mwana wa Ludolf, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufiwa na mama akiwa hajaanza kutembea vizuri. Miji ya huku ilikuwa inapigwa mabomu, wakasema mashariki ni salama. Alimwita Leonore Mama Mdogo, na alimwambia wewe, kwa sababu alikuwa mtoto na hakuna mtu mzima wa kumkataza.

Mwishoni mwa Januari 1945 mashariki hapakuwa salama tena. Leonore alifunga farasi wawili kwenye gari la nyasi, akapakia watoto, wanawake wawili wa shambani na gunia la mikate, wakaingia kwenye msafara wa watu wanaokimbilia magharibi. Mizinga ilisikika nyuma yao. Baridi ilikuwa ya kupasua magogo. Siku ya pili Alarich alishikwa na homa ya mapafu, akawa anahema kwa kelele hata watu wa gari la nyuma walimsikia. Mzee mmoja aliyeongoza magari yale alikuja akiwa ameshika taa.

"Mama, mtoto huyo hafiki mtoni. Mwacheni pale shuleni, kuna watawa. Farasi wenu wamechoka, mnatuchelewesha wote."

"Ni wangu," akasema Leonore.

"Watu wanasema ni wa shemeji yenu."

"Watu wanasema. Msogelee uone."

Sibylle anakumbuka kwamba mama yake alikuwa ameshika uma wa kugeuzia nyasi. Mzee hakumsogelea. Leonore alivua koti lake la ngozi ya kondoo, akajilaza chali kwenye nyasi, akamlaza Alarich juu ya tumbo lake, koti juu ya wote wawili, Joachim akashika hatamu akiwa bado hajafikisha miaka kumi. Mkate ulioganda aliupasha moto kwapani, akautafuna, akamlisha mtoto kama ndege. Kila gari liliposimama alimuuliza, apate kujua kama yu hai: "Alarich, umefunika miguu?" Na mtoto, kwa sauti ya kukwaruza, alimjibu kila mara, "Nimefunika, Mama Mdogo. Na wewe?" Walivuka Oder juu ya barafu, magari mengine yakizama kushoto na kulia kwao. Walifika Ehrenrode mwezi Machi. Bibi Mkuu alishuka ngazi mwenyewe, akamchukua mjukuu wake mikononi, akalia kwa sauti mbele ya watumishi. Kisha akamwambia Leonore, "Mmechoka, Baronesi. Mtapewa supu jikoni."

Egon alirudi kutoka utekwani mwaka 1946. Wakapewa nyumba ya mlinzi wa msitu, ile nyuma ya kijiji, nao wakafurahi kuliko watu wa ngomeni. Leonore alianza kazi ya uuguzi wa kijiji, akaifanya mpaka mwaka 1970. Wengi mliosimama nyuma mmezaliwa mikononi mwake. Alarich alilala kwao zaidi ya alivyolala kwa baba yake.

Tarehe 6 Aprili 1952 Alarich alipewa kipaimara katika kanisa hili, na siku ile akawa mtu mzima wa ukoo. Mimi nilikuwepo, nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nilikaa mwisho wa meza pamoja na shangazi. Asubuhi Bibi Mkuu alikuwa amemwita mjukuu wake chumbani wakazungumza mlango ukiwa umefungwa. Kwenye chakula, vijana wa ukoo walipotembeza sahani kama ilivyo desturi, Alarich alikuja mpaka kwetu na bakuli la mchuzi. Alikuwa amevaa suti nyeusi inayomzidi. Alikuwa amepauka.

"Baronesi," akasema, "mngependa mchuzi?"

Egon aliinuka nusu, shangazi akamshika mkono chini ya kitambaa cha meza. Akamtazama yule kijana, akatabasamu, akasema, "Asante, Alarich. Kidogo tu. Suti imekupendeza." Hakuacha kumwambia wewe hata siku moja maishani mwake. Lakini Alarich, tangu siku ile, alimwambia ninyi. Baada ya chakula shangazi aliniomba nimsaidie kutafuta glavu iliyopotea, tukaenda mpaka stoo ya kuni, na huko akalia huku ameshika ukuta. Glavu ilikuwa mfukoni mwake.

Ludolf alifariki mwaka 1958 na Alarich akawa Mkuu wa Ukoo akiwa na miaka ishirini. Egon aliugua mwaka 1961. Siku za mwisho alimwita Alarich na kumwambia neno moja tu: Lore aje alale kwangu. Alarich alijibu, "Nimesikia, Baba Mdogo." Kila mtu wa ukoo huu anajua tofauti kati ya kusikia na kukubali. Egon alizikwa chini ya bamba lile tarehe 7 Novemba 1961, na mkewe alisindikiza jeneza mpaka ngazi ya juu kabisa, akasimama hapo. Tangu siku ile alikuja kila Jumapili baada ya ibada akasimama mahali palepale. Hakuwahi kulalamika kwangu juu ya jina, wala juu ya viazi. Alisema kitu kimoja tu: "Mechthild, maisha yote nimekaa mwisho wa meza kwa sababu yeye alikuwa hapo. Mwisho huu mwingine sitaki kuukaa peke yangu."

Mtauliza Alarich alizuiwa na nini. Alizuiwa na hesabu ya urithi, na nitaieleza kwa ufupi kwa ajili ya wanakijiji. Yeye ana mabinti tu. Akifa, ukuu unakwenda kwa binamu Waldemar wa tawi la Lauter, ambaye yumo humu, safu ya pili. Lakini mwanamke akilazwa kaburini mwa ukoo, ni ushahidi kwamba ndoa yake ilikuwa sawa. Ndoa ikiwa sawa, Joachim ni mwanamfalme, naye anamtangulia Waldemar. Joachim ni daktari wa meno huko Gießen, na hataki kuwa mkuu wa kitu chochote chenye watu zaidi ya mmoja wenye mdomo wazi. Mwezi Mei mwaka huu alikwenda kwenye baraza la ukoo akiwa na kalamu, tayari kutia sahihi kwamba anakana haki zote. Binamu Waldemar alimkatalia.

"Hamwezi kukana msichonacho. Mkikana, mmesema mlikuwa nacho."

"Basi sitakana," akasema Joachim.

"Msipokana, mnadai."

"Binamu, nifanye nini? Nataka mama yangu alale na baba yangu, basi. Nikiandika mnasema nadai, nisipoandika mnasema nadai."

"Mimi si binamu yenu, Daktari," akasema Waldemar.

Wazee wa baraza walitikisa vichwa. Mmoja wao alisema hili ni jambo gumu sana. Alarich alikaa kwenye kiti cha baba yake akitazama mikono yake. Joachim alirudi nyumbani akasema mbele ya mama yake kwamba Alarich hana mgongo. Mama yake akamwambia, "Nyamaza. Mimi ninaujua mgongo wake, nimeusugua mafuta." Hilo lilikuwa jibu lake, lakini usiku ule hakula.

Moyo wake ulianza kuchoka tangu Februari mwaka huu, na kufikia Septemba maji yalikuwa yamejaa kifuani. Alikataa hospitali. Joachim, Sibylle nami tulimwuguza kwa zamu katika nyumba ya mlinzi wa msitu. Alasiri ya tarehe 22 Septemba Alarich alikuja kumwona, na binamu Waldemar alikuja pamoja naye, amebeba zabibu. Sijui kama alikuja kuzileta zabibu au kuangalia kwamba hakuna kitakachoahidiwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alarich alikaa kwenye kiti karibu na kitanda, akaanza kama kawaida yake: "Baronesi, mnajisikiaje leo?"

Akili ya shangazi haikuwa pale. Homa ilikuwa imempeleka mbali. Alikuwa akishika shika blanketi akilivuta juu, akitazama dari, akasema kuna mtu anakuja na taa na asimsogelee mtoto. Mimi nilichukua kitambaa nimpanguse. Ndipo akageuza uso, akamwona Alarich, macho yakatulia. Akasema waziwazi kabisa:

"Alarich, umefunika miguu?"

Joachim alikuwa dirishani, alifunika mdomo. Mtu mwenye miaka arobaini na moja, Mkuu wa Ukoo wa Ehrenrode, aliinama mpaka paji la uso wake likagusa blanketi. Akasema, "Nimefunika, Mama Mdogo." Nilidhani ameishia hapo. "Na wewe?"

"Mimi sina baridi," akasema shangazi. "Mimi nimekulalia wewe, au wewe umenilalia mimi? Mmoja wetu hana baridi." Akacheka kidogo, akasinzia.

Walipotoka kwenda ukumbi mdogo nilikuwa nyuma yao, na nitasema nilichosikia, kwa sababu kuna wanaosema sasa kwamba hakikuwahi kutokea. Waldemar alikuwa mweupe kwa hasira.

"Umemwambia wewe. Mkuu wa Ukoo, mbele yangu, mbele ya mwanawe. Unajua maana yake."

"Alikuwa anaweweseka," akasema Alarich.

"Yeye ndiye aliyekuwa anaweweseka. Wewe ulikuwa macho."

Alarich alikwenda moja kwa moja msituni akiwa amevaa viatu vya mjini. Waldemar aliniachia zile zabibu. Tuliwapa kuku.

Leonore alifariki kwa utulivu asubuhi ya Jumanne, tarehe 2 Oktoba 1979, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, Sibylle amemshika mkono. Hakuzinduka vya kutosha kuuliza atalala wapi, na hiyo ndiyo huruma pekee niliyoiona juma lile. Joachim alilileta jeneza humu kanisani akatangaza kwamba halitoki mpaka apate jibu. Waldemar alitangaza kwamba bamba likifunguliwa atakwenda mahakamani. Simu zililia kutoka kaskazini na kusini, mabinamu ambao hawakuwahi kumtumia kadi ya Krismasi wakitaka kujua atalala wapi. Wengine walinifundisha historia. Mmoja alisema ingekuwa ni huruma nzuri lakini mfano mbaya. Mchungaji Kröger alichimbisha kaburi nje, kando ya ukuta wa mashariki, kwa tahadhari tu, na Joachim almanusura ampige. Alarich hakupokea simu ya mtu yeyote.

Juzi mchana nilikuwa jikoni kwa marehemu nikiosha vikombe. Alarich aliingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha. Hakuwa amenyoa. Aliketi kwenye benchi ya mlango wa jiko, mahali alipozoea kukaa akiwa mtoto.

"Daktari, mna kahawa?"

Nilimpa. Sikumpa sukari, sikutaka kumrahisishia kitu.

"Sheria ya ukoo nilikaririshwa na bibi," akasema. "Kifungu cha makaburi ninakijua kama Baba Yetu. Kinasema nani aingie. Mume sawa, mke sawa, watoto wao. Siku zote hizi nimekuwa nikikigeuza nitafute mlango wa kumpitisha Mama Mdogo, na hakuna. Nikimpitisha, Waldemar ananipeleka mahakamani, na Joachim anapewa mzigo asioutaka, na wanawe baada yake."

"Kwa hiyo mmekuja kuniambia hapana."

"Nimekuja kuwaambia kwamba nimekisoma tena. Kinasema nani aingie." Akanywa kahawa, akaungua, akafuta mdomo kwa mkono wa koti. "Hakisemi neno lolote juu ya anayetoka."

Niliweka kikombe chini. Sikuelewa, kisha nikaelewa, nikahitaji kukaa.

"Mtamtoa Baba Mdogo wenu?"

"Joachim na mimi. Na seremala. Nimeshamwambia Joachim, amenikumbatia, karibu anivunje mbavu."

"Na binamu Waldemar atasemaje?"

"Waldemar analinda mlango watu wasiingie. Aendelee kuulinda."

Ndivyo ilivyofanyika alfajiri ya leo. Kwa hiyo ninyi mliokuja kuhakikisha kwamba Leonore hashuki, tulieni. Hashuki. Egon amepanda. Mwanamfalme wa Ehrenrode, mtoto halali wa ndoa iliyo sawa kwa vizazi vyote mnavyotaka kuhesabu, ametoka katikati ya wazee wake na sasa yuko nje, kando ya ukuta wa mashariki, kati ya mke wa mwokaji mikate na mwalimu wa zamani wa shule, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzikwa. Ardhi ni laini na jua la asubuhi linafika. Yuko pale tangu saa kumi na mbili akimsubiri mkewe.

Marehemu alitanguliwa na wazazi wake, kaka zake wawili na mumewe. Ameacha wajukuu wanne, mimi mtoto wa kaka yake, na kijiji hiki alichokizalisha. Ameacha watoto watatu: Joachim, Sibylle, na Alarich. Jina la tatu halikuwa kwenye maandishi yangu ya kwanza. Ameniomba mwenyewe niliongeze, akasema nilisome kwa sauti, na kwamba likileta kesi mahakamani ataijibu yeye.

Sasa watoto wake watatu watasimama kulibeba jeneza. Mungu awape amani Leonore na Egon wake, hapo walipo pamoja.